Uvimbe wa ubongo: umerudi, au ni jeraha la tiba?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maneno hayo yanamhusu sana mtu aliyepata kuugua saratani akapona au akapata nafuu. Kila maumivu madogo humtisha. Kila doa katika picha ya hospitali humnyima usingizi, yeye pamoja na jamaa zake. Leo nataka tuzungumze juu ya ung'ongo na nyoka wanaofanana mno, hata daktari mwenye macho makali huweza kusimama mbele ya picha asijue ni kipi anachokitazama. Tena wote wawili hukaa mahali pa hatari kupita pote, yaani ndani ya fuvu la kichwa.

Hebu tumchukue mtu wa kufikirika, mkulima wa huku kwetu Nemba, baba wa watoto wanne. Alianza kuumwa kichwa alfajiri na kutapika. Kisha akaanguka kifafa, yeye ambaye tangu utoto hajapata kuanguka. Majirani wakasema amerogwa. Miezi ikapotea kwa waganga. Hatimaye akapelekwa hospitali ya wilaya Biharamulo, na kutoka pale akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Akapigwa picha ya kichwa, uvimbe ukaonekana, akapasuliwa, na kipande kilichopimwa maabara kikathibitisha kwamba ni saratani ya ubongo. Akapewa tiba ya mionzi kwa majuma sita pamoja na vidonge. Akarudi nyumbani, na baada ya muda akashika jembe tena.

Miezi minane ikapita. Akarudi kliniki kama alivyoagizwa, akapigwa picha ya MRI. Mahali pale pale palipotolewa uvimbe, pana doa jipya linalong'aa, na ubongo uliolizunguka umevimba. Hapo ndipo ukoo unapogawanyika. Mmoja anasema, tuuze ng'ombe wawili waliobaki, akapasuliwe tena. Mwingine anasema, ugonjwa umerudi, hakuna dawa, tumchukue akafie kwao.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kuuza ng'ombe, na kabla ya kukata tamaa, liko swali moja ambalo hapana budi liulizwe kwa sauti: doa hili ni uvimbe uliorudi, au ni jeraha lililoachwa na tiba yenyewe?

Wengi watashangaa. Je, tiba inaweza kuacha jeraha linalofanana na ugonjwa? Naam, inaweza. Mionzi ya tiba huua chembe za saratani, lakini hupita pia katika nyama nzima ya ubongo na katika mishipa midogo ya damu iliyo jirani. Baadhi ya wagonjwa hupata uvimbe wa muda katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi, hasa wale waliopewa na vidonge vya temozolomaidi. Picha yao huonekana mbaya kuliko ya mwanzo, kisha hutulia bila kubadilishiwa tiba. Wengine, baada ya nusu mwaka, mwaka mmoja, au hata miaka kadhaa, sehemu ya ubongo iliyopigwa mionzi hufa na kuvimba. Hilo nalo huleta maumivu ya kichwa, kifafa, na udhaifu wa mkono au mguu. Kwa dalili peke yake, huwezi kulitofautisha na saratani iliyorudi.

Sasa kwa nini picha ya MRI, ambayo tunaambiwa ni ya kisasa, nayo ishindwe? Sababu yake ni hii. Ubongo wenye afya una mishipa ya damu yenye kuta zilizobana sana, hazipitishi kitu ovyo. Kabla ya kupiga picha, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa ya gadolini katika mshipa. Pale ambapo kuta hizo ni nzima, dawa hupita na damu ikaenda zake. Pale zilipobomoka, dawa huvuja, na mahali hapo hung'aa kwa weupe. Saratani hubomoa kuta hizo. Mionzi nayo huzibomoa. Kwa hiyo ule weupe hutuambia kwamba ua umebomoka, lakini hautuambii kama aliyeubomoa ni mwizi au ni mvua.

Na kujua aliyeubomoa ni jambo kubwa, kwa sababu tiba ya mmoja si tiba ya mwingine. Kama ni saratani iliyorudi, madaktari watafikiria kupasua tena, au mionzi mingine kwa uangalifu, au dawa nyingine za saratani. Na kila juma linalopotea lina gharama yake. Kama ni jeraha la mionzi, kuongeza mionzi ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Huyo huhitaji dawa za kupunguza uvimbe kama deksamethasoni, pengine dawa iitwayo bevasizumabu ambayo hutuliza mishipa inayovuja, na mara nyingine huhitaji kuangaliwa tu kwa subira. Ukikosea upande huu, utampasua kichwa mtu ambaye angeweza kutulizwa kwa vidonge. Ukikosea upande ule, utamwambia "ni kovu tu" mtu ambaye adui yake anakua kila siku.

Hapa ndipo inapoingia elimu inayoitwa tiba ya nyuklia. Tafadhali, jina hilo lisitutishe. Halina uhusiano na mabomu. Ni utaratibu wa kumpa mgonjwa, kwa kawaida kwa sindano ya mshipani, kiasi kidogo cha dawa inayotoa mionzi, kisha kumlaza chini ya mashine inayoona mionzi hiyo inatoka wapi mwilini.

Tofauti yake na picha za kawaida naweza kuieleza hivi. Simama juu ya kilima mchana uitazame mitaa ya Nemba. Utaona nyumba, mapaa na miti. Lakini hutajua ni nyumba ipi ina watu na ipi imehamwa. Subiri usiku uingie. Sasa huoni kuta, lakini unaona taa na moto wa jikoni, na mara moja unajua ni wapi penye watu. CT na MRI ni macho ya mchana, huonyesha umbo. Skani ya nyuklia ni macho ya usiku, huonyesha uhai. Chembe za saratani zinaishi, zinakula, zinazaana. Jeraha la mionzi, kwa sehemu kubwa, ni nyumba iliyohamwa.

Wala fikra hii si ya jana. Ubongo ulikuwa miongoni mwa viungo vya kwanza kabisa kuchunguzwa kwa njia hiyo. Mwaka 1948, daktari mpasuaji wa Marekani aitwaye George Moore alitumia dawa yenye mionzi kutafuta mahali ulipo uvimbe wa ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Boston, William Sweet na Gordon Brownell walitengeneza chombo cha kunasa mionzi ya aina ya positroni kwa kazi hiyo hiyo, nacho ndicho babu wa mashine tunazoziita PET hivi leo. Na mwaka 1982, kundi la akina Nicholas Patronas na Giovanni Di Chiro, katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, lilieleza jinsi PET inavyoweza kutenganisha jeraha la mionzi na saratani iliyorudi. Kwa hiyo swali la mkulima wetu wa Nemba limewashughulisha wataalamu kwa miaka zaidi ya 40.

Zipo njia kuu tatu, nami nitazieleza kwa ufupi.

Ya kwanza hutumia mashine iitwayo SPECT, yaani kamera ya gamma inayozunguka kichwa cha mgonjwa. Dawa zake za zamani katika kazi hii ni taliamu na sestamibi. Taliamu huigiza madini ya potasiamu, ambayo chembe hai huyavuta ndani kwa nguvu zake zenyewe. Chembe iliyokufa haivuti kitu. Ubongo mzima wenye afya nao huchukua taliamu kidogo sana, kwa hiyo saratani hai ikiwapo huonekana kama taa moja gizani. Sestamibi hubebwa na teknishiamu, dawa inayotumika zaidi katika tiba ya nyuklia ulimwenguni. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kamera haioni vitu vidogo vizuri. Uvimbe wenye upana chini ya sentimita moja au zaidi kidogo waweza kuiponyoka.

Njia ya pili ni PET kwa kutumia sukari iliyotiwa florini yenye mionzi. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, ndiyo maana njia hii inasifika kwa saratani za mapafu, matiti na mitoki. Lakini kichwani kuna taabu. Ubongo wenyewe ni mlaji mkubwa. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote. Kwa hiyo kutafuta saratani ya ubongo kwa sukari ni sawa na kutafuta nyumba moja yenye taa katika mji ambao kila nyumba imewasha taa. Hufaa mara nyingine, hasa saratani ikiwa kali, lakini huweza kudanganya.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi. Badala ya sukari, hutumia vijenzi vya protini vinavyoitwa amino asidi, ambavyo saratani ya ubongo huvihitaji kwa wingi ilhali ubongo wenye afya huvichukua kidogo. Mji umezima taa, na nyumba inayotafutwa peke yake imewasha. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wataalamu wa uvimbe wa ubongo lilitoa mapendekezo yakisema kwamba skani za amino asidi hufaa kuliko zile za sukari katika swali letu hili la leo.

Ndugu wasikilizaji, nisije nikaeleweka vibaya. Skani hizi si ramli, na anayezisifu kana kwamba hazikosei anawapotosha watu. Jeraha la mionzi lenye mchomo mkali huweza nalo kuvuta dawa na kujifanya saratani. Saratani ndogo huweza kujificha. Tena mara nyingi ndani ya doa moja vimo vyote viwili, chembe za saratani zilizosalia pamoja na nyama iliyokufa, kama shamba lililochomwa ambalo mahali fulani ni majivu na mahali fulani kisiki bado kinafuka. Hapo daktari hulazimika kukusanya ushahidi wote: MRI ya kawaida, MRI za namna nyingine zinazopima mtiririko wa damu, skani ya nyuklia, tarehe za tiba, na hali ya mgonjwa mwenyewe. Ushahidi ukigongana, njia iliyobaki ni kuchukua kipande cha nyama na kukipima maabara, ingawa nacho huweza kuchukuliwa upande wa majivu kikaacha kisiki.

Hapo mtu ataniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu, nami nitaeleza kwa kuanzia na jambo la ajabu kidogo, nalo ni kwamba dawa hizi haziwekeki ghalani.

Sukari ile yenye florini hupungua nguvu nusu nzima kila baada ya dakika 110. Ukiitengeneza asubuhi na kuisafirisha kwa saa 18 na dakika 20, hubaki chini ya sehemu moja katika sehemu 1,000. Haiwezi kupakiwa katika basi. Ndiyo sababu mashine ya PET hutaka mtambo wa kutengenezea dawa, uitwao saiklotroni, uwe papo hapo au karibu. Katika Afrika Mashariki, Nairobi ilitangulia kutoa huduma hiyo: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Teknishiamu ni ya subira kidogo, hupungua nusu kila baada ya saa 6. Nayo hukamuliwa kutoka katika chombo chenye molibdenamu, ambayo hupungua nusu kwa saa 66. Kwa hiyo hospitali yenye kamera ya gamma huhitaji kuletewa chombo kipya kwa ndege mara kwa mara, mwaka mzima. Dawa nyingine za hospitali humfuata mgonjwa kijijini. Hii, mgonjwa ndiye anayeifuata.

Kwetu Tanzania, tiba ya nyuklia imekuwapo miaka mingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi iliyopewa mamlaka yake yenyewe mwaka 1996, katika majengo ambayo chanzo chake ni hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Bugando hutoa tiba ya saratani, pamoja na mionzi, kwa Kanda ya Ziwa. Barabara nayo imefupishwa: tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limewaondolea wasafiri wa Geita, Chato na Biharamulo adha ya kungoja kivuko na mgonjwa garini. Lakini kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam bado ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa familia ya mkulima, safari hiyo ni mavuno ya msimu mzima.

Tena mashine peke yake haitoshi. Mwaka 2016 majirani zetu wa Uganda walibaki bila tiba ya mionzi baada ya mashine yao pekee ya umma kuharibika kabisa, na huduma haikurejea mpaka mashine mpya ilipopatikana. Mwaka 2009, tanuri moja la nyuklia nchini Kanada liliposimama kwa zaidi ya mwaka, hospitali za ulimwengu mzima zilipungukiwa teknishiamu, zile za nchi tajiri zikiwamo. Haya ni mafunzo. Anayenunua mashine bila kununua na fundi, vipuri, umeme wa uhakika na njia ya kupata dawa kila juma, amenunua sanamu.

Basi, tufanye nini sisi tulio mbali? Ninayo machache ya kushauri, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kutunza kumbukumbu. Daktari hawezi kulitafsiri doa bila kujua mambo manne: uvimbe wa kwanza ulikuwa wa aina gani, mionzi ilielekezwa wapi hasa, ilikuwa ya kiasi gani, na iliisha tarehe ngapi. Doa lililotokea nje kabisa ya eneo lililopigwa mionzi hutia shaka zaidi ya saratani. Doa lililo ndani ya eneo hilo, tena katika miezi mitatu ya kwanza, hutaka subira kabla ya hukumu. Kwa hiyo ombeni nakala ya maandishi hayo siku ya kuruhusiwa, pamoja na picha zote, za karatasi au za diski. Msiziache chini ya godoro zikaliwa na panya. Wekeni katika mfuko wa plastiki, na mwende nazo kila safari. Mgonjwa anayefika mbele ya daktari mpya mikono mitupu humrudisha daktari huyo mwanzo wa njia.

La pili, awepo mtu mmoja nyumbani wa kuandika katika daftari: siku ya kifafa, siku ya kichwa kuuma sana, na vidonge alivyotumia. Hasa dawa ya deksamethasoni iandikwe, maana hupunguza uvimbe na huweza kubadilisha sura ya picha. Kadhalika dawa hiyo isikatishwe ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, jambo ambalo ni hatari kwa mwili uliokwisha kuizoea. Na dawa za kifafa zisiachwe eti kwa kuwa mgonjwa hajaanguka siku nyingi. Hajaanguka kwa sababu anazitumia.

La tatu ni kuuliza. Sisi watu wa vijijini tumezoea kuona kwamba kumwuliza daktari ni kukosa adabu. Si kweli. Muulizeni kwa heshima: "Daktari, je, hili doa laweza kuwa jeraha la mionzi? Kipo kipimo cha kutofautisha? Kama hakipo hapa, je, ni salama tukarudia picha baada ya muda?" Swali hili la mwisho ni la maana sana. Pale ambapo mgonjwa ana nguvu, na doa ni dogo, kurudia MRI baada ya majuma sita hadi nane huweza kutoa sehemu ya jibu ambalo skani ya nyuklia ingelitoa. Saratani kali huendelea kukua. Uvimbe wa muda mara nyingi hutulia. Muda ukisimamiwa na daktari ni kipimo kama vipimo vingine. Lakini nasisitiza, ukisimamiwa. Kukaa nyumbani bila tarehe ya kurudi ni kumpa adui nafasi.

Na zipo dalili ambazo hazingoji skani wala tarehe: kichwa kuuma vikali pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, kifafa kisichokatika, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

La nne, atakayebahatika kupelekwa kwenye skani ya nyuklia asiogope. Kiasi cha dawa ni kidogo. Teknishiamu, kwa mfano, baada ya siku moja hubaki sehemu moja katika 16, na nyingine hutoka kwa mkojo, ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi. Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa kwa sheria na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema kabla ya sindano. Mwenye kisukari naye aseme, maana skani ya sukari hutaka mtu afunge kula kwa saa kadhaa. Wala mtu asirudi kijijini akaepukwa na jirani zake eti ana sumu mwilini. Hakuna sababu ya kumtenga.

Kwa upande wa wakubwa wetu wa afya, ninalo ombi moja tu. Hatudai saiklotroni hapa Biharamulo wala Ngara. Tunajua nchi ina haja nyingi, na zahanati isiyo na dawa ya malaria haiwezi kukaa kando ikisubiri PET. Tunachoomba ni kwamba kila mgonjwa anayemaliza tiba ya mionzi arudi na kadi yenye maelezo yote ya mionzi aliyopewa, kama vile mtoto anavyorudi na kadi ya chanjo. Aidha, picha zilizopigwa Chato, Bukoba au Mwanza zitumwe kwa mtandao zikatazamwe na mabingwa wa Dar es Salaam wakiwa wamekaa pamoja, mpasuaji, mtaalamu wa mionzi na msoma picha, kabla mgonjwa hajapandishwa basi. Picha husafiri bure. Mgonjwa hasafiri bure. Na wakati utaratibu wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unaendelea kujengwa, wanaopanga mafao wakumbuke kwamba kipimo kimoja cha kutenganisha jeraha na saratani huweza kuokoa gharama ya upasuaji ambao haukuhitajika.

Sitaki kuwapa watu matumaini ya uongo. Zipo saratani za ubongo ambazo, kwa elimu ya sasa, karibu kila mara hurudi, na skani ikithibitisha hivyo haitaondoa majonzi. Hata hivyo ukweli una faida yake. Mgonjwa aliyeambiwa ukweli hupata nafasi ya kupanga: kugawa shamba bila ugomvi, kuwaona wanawe, kupewa dawa za kutuliza maumivu badala ya kuburutwa kutoka hospitali hii hadi ile. Na yule ambaye doa lake ni jeraha tu, anayo haki ya kutozikwa angali hai. Wote wawili wanastahili jibu.

Basi doa jipya likionekana, tusikimbilie mnadani kuuza ng'ombe, wala tusikimbilie kukata tamaa. Tuulize kwanza, pale penye doa pana uhai au pana majivu. Na tumwulize mwenye kujua.